Matundu ya Sindano

Nilipopungua kilo kumi na tisa
niliibana sketi yangu ya kijivu kwa mkono wangu mwenyewe,
mimi Nolvia Arancibia, fundi cherehani
wa kilima cha Monjas, Valparaíso,
niliyepima viuno vya watu miaka thelathini
nikakikwepa changu.

Kitambaa kilichozidi sikukikata.
Nilikikunja ndani, nikakifichia mshono,
nikajiambia: ndivyo ufundi unavyotaka.
Labda nilijua.

Kilo zilirudi bila kubisha hodi,
kama mpangaji aliyehama na ufunguo mfukoni.
Mbili za kwanza zilikuja na sambusa za sikukuu ya Septemba.
Nne, dada yangu Hortensia alipolazwa
nami nikala mkate usiku wa manane, wima, taa imezimwa,
parachichi nikilichota kwa kidole.
Zilizofuata sikuzihesabu.
Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Mafuta ya mwili, hayo, hujizoa yenyewe.

Nilipopungua, don Eleuterio wa duka la mboga
aliniita msichana mbele ya wateja.
Niliponenepa hakusema kitu.
Alinipa chenji akitazama vitunguu.
Hakuna futi iliyowahi kunipima
sawasawa kama kile kimya.

Julai, mvua ikipiga mabati,
niliufumua mshono kwa wembe.
Sketi ikafunguka, ikashusha pumzi.
Pale palipokuwa pamekunjwa, rangi ilikuwa mpya bado,
kijivu cha siku ya dukani,
na katikati mstari wa matundu,
madogo, yamenyooka,
kama siafu waliokufa wakiwa safarini.
Nilipiga pasi. Nikanyunyiza maji, nikapiga tena.
Hayakuzibika.

Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni ngazi mia mbili na kumi na nne.
Pembeni hupanda kibehewa cha mbao kivutwacho na nyaya,
na kwa sarafu chache tu
unafika juu na heshima yako.

Mara ile ya kwanza nilizipanda ngazi kwa hasira,
nikizihesabu kama mdai.
Safari hii naishia ya thelathini na nane,
penye kigae kilichovunjika
na mbwa wa mtaa aitwaye Waziri,
mnene kuliko mimi, asiyemwonea mtu haya.
Tunakaa. Tunatazama makontena bandarini.
Wiki ya pili, sitini na moja.
Wiki ya mvua, sifuri, na keki.
Kisha sitini na moja tena,
na hiyo ndiyo iliyoniuma: tena.

Ila kwenye ya tisini goti langu lilikumbuka
namna ya kuinama kidogo kabla ya kona,
na kifua kikakumbuka kutoa pumzi kwa mdomo.
Sikuwa nimekifundisha leo.
Kila fundi anajua:
uzi hupita upesi
palipokwisha kutobolewa.

Jana nilifika ya mia moja na arobaini.
Don Eleuterio akapita ndani ya kibehewa, akanipungia.
Sikumjibu. Mikono ilikuwa magotini.

Sketi sijaishona.
Nimeweka pini moja kiunoni, ya kichwa chekundu,
na kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai,
naihamisha
upande wowote inaotaka kwenda.