Mstari Niliochora Mahuta

Mkalimani wangu, Nambuta, aliamka na homa.
Nikaondoka peke yangu, dira shingoni,
na ramani ya Idara ya Maji
yenye doa la buluu mahali fulani chini ya genge.
Chemchemi? Au wino ulimdondoka mchoraji?

Bibi alikuwa akifukua ming'oko,
ndonya mdomoni, vumbi hadi viwikoni.
Nikamwamkia kwa Kiswahili changu cha Bukoba,
kile cha shule, kilichopigwa pasi.
Akanijibu kirefu, kwa Kimakonde,
nami nikatikisa kichwa kama mjusi,
nisiambulie hata silabi.

Basi nikachutama, nikachora mchangani
mstari wa mawimbi.
Akaruka nyuma. Akatwaa jembe,
akauponda mstari wangu,
kichwa, kiwiliwili, mkia,
kisha akanitazama: wako wangapi?

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikafungua chupa yangu ya bati,
nikamimina kidogo chini, nimwonyeshe.
Kwetu ziwa liko mlangoni;
maji tunayamwaga bila kufikiri.

Kiganja chake kilifika kabla ya tone la tatu,
kigumu kama gome la mkorosho.
"Medi!" akanikemea. "Medi!"
Yale aliyoyakinga akanirudishia
kinywani, kama mtoto mgonjwa.

"Amaizi," nikasema, nikijigusa koo.
Akalionja neno langu.
Likamtoka bila kichwa: maizi.
Tukaendelea hivyo, neno kwa neno,
kama wachuuzi wasioaminiana,
mpaka akauchukua mtungi
na kunitwisha mimi.

Njia ya genge haikutaka lugha.
Alipokanyaga nikakanyaga.
Palipoteleza alinishika upindo wa kanga
bila kugeuka.

Chini, kati ya mawe, maji membamba kama uzi.
Akataja jina la mahali mara tatu.
Nikaliandika mara tatu, kila mara tofauti:
kulikuwa na sauti aliyoipitisha puani
ambayo herufi zangu hazikuwa na kiti chake.
Kwenye fomu, penye "Jina la chanzo",
pako wazi hadi leo.

Tulipopanda, mtungi uliniyumba kichwani,
maji yakanichuruzika shingoni.
Bibi akasimama juu ya jiwe, akanigombeza
kwa pumzi moja ndefu, 
na katikati yake, safi kabisa,
nikasikia neno nililolijua.