Wino wa Gumba

Kurasa saba, Lugembe. Nilikusomea zote
pale zahanati ya Igombe, benchi la tatu,
feni imekufa, dirisha linaleta harufu ya dagaa
walioanikwa juu ya mawe tangu alfajiri.
Nilisoma kama nilivyofundishwa siku mbili hotelini Capri Point:
polepole, bila kushawishi, nikitua kwenye nukta.

“Ushiriki wako ni wa hiari.”
Ukaitikia kwa kichwa.
“Tutachukua maji kidogo kutoka uti wa mgongo.”
Ukaitikia.
“Hatari ni ndogo.”
Hapo ukainua macho. “Ndogo kama nini?
Furu naye ni mdogo,
na mwiba wake ulimlaza shangazi yangu Bugando wiki nzima.”

Fomu haina furu. Nilipekua ukurasa wa nne, wa tano.
Nikasema, “Ndogo tu,”
na Nkwimba, dada yako, akakubana goti:
“Weka kidole. Hawa ndio wenye vidonge.”

Sikumsahihisha.
Naandika haya kwa sababu sikumsahihisha.
Vidonge ni vya serikali, vinatolewa dirisha la pili,
uweke kidole usiweke, ni vyako, vikiwepo.
Imo ukurasa wa sita. Niliisoma
kwa sauti ileile niliyosomea namba ya simu ya kamati ya maadili.

Ukaweka gumba. Bluu, safi, mistari yote inaonekana
kama shamba la viazi lililopigwa matuta.
Kabla sijafunga kalamu, ukaanguka.

Sitaeleza ulivyoanguka. Wanaoeleza ni wengi.
Nkwimba alikulaza ubavu, akasukuma benchi kwa mguu, akahesabu.
Ana miaka kumi na tisa ya kuhesabu.
Mimi nilishika karatasi isilowe.

Ulipozinduka uliutazama mkono wako.
“Nani kanipaka?”
Nikasema, umekubali.
“Nimekubali nini?”

Kukubali, kuridhia, kuafiki, kuitikia, kunyamaza:
lugha yetu ina vyumba vingi, na fomu ina kiboksi kimoja.
Daktari Rweyongeza alisema kidole kipo, saa ipo, shahidi yupo.
Kweli vipo.
Aliyekosekana ni mwenye kidole.

Ile karatasi sikuipeleka. Niliikunja mara nne
ikalala mkobani chini ya kontena la wali,
na Alhamisi nikaja kwako mikono mitupu, na swali moja:
nieleze wewe, kwa maneno yako, sisi tunataka nini.

Ulikuwa unaziba pancha ya baiskeli ya mwalimu,
tyubu imezama kwenye beseni, unatafuta mapovu.
Hukunijibu mpaka povu lilipotoka.

“Mnataka maji ya mgongo wangu
mkajue kitu kitakachomfaa mtu nisiyemjua,
labda hajazaliwa. Mimi nitabaki na kifafa changu.
Ndivyo?”
Ndivyo.
“Mbona hamkusema hivyo?”

Tulisema. Kurasa saba.

Ukasugua tyubu kwa msasa, ukapaka gundi, ukapuliza.
“Nyaya za kichwani, sawa, njooni nazo.
Mgongo, hapana. Huo bado nautumia.
Na siku nikianguka, msiniulize kitu
mpaka kesho yake, nikishakunywa uji.”

Nikayaandika. Fomu haina nafasi ya uji,
kwa hiyo niliyaandika pembeni, wima,
yakapanda mpaka juu ya nembo ya chuo.
Sijui kama watayapokea.

Wino ulikaa siku tatu. Nkwimba anasema
soko zima la Kirumba lilikuuliza,
kwani kuna uchaguzi?
Ukawajibu: ulikuwepo,
ila mimi nilipiga kura nimelala.