Maji ya Bomba, Nachingwea

Maji yetu laini mno, Kolumba alisema,
povu la sabuni linagoma kutoka mikononi,
na pombe inayozaliwa humo haina mfupa.

Nilicheka. Maji ni maji.
Lakini mtama wangu wa kwanza, pipa zima,
ulikuwa kama salamu ya mtu aliye usingizini.

Sasa jioni nakinga ndoo mbili,
naziacha wazi juu ya kinu kilichopinduliwa,
dawa ya mamlaka ya maji ipae yenyewe hadi alfajiri.
Kisha natoa kwenye kopo la maziwa ya unga lile jiwe
aliloniletea shemeji, utingo wa lori la jasi huko Kilwa:
jeupe, linang'aa kama jino la mtoto.
Nalikwangua kwa kisu. Nusu kijiko cha chai. Basi.
Ukizidisha, wanywaji watakuuliza kama umepika ukuta.

Kipimo sikufundishwa, nilikitafuta kwa ulimi.
Debe la kwanza walimwagiwa nguruwe wa Ansgari.
La pili walilinywa wafiwa, kwa adabu tu.
La tatu, Kolumba alinyamaza nalo mdomoni,
akasogeza kigoda,
akanyoosha kata tena.

Alikufa Machi. Aliniachia deni la kata nne.
Nimelifuta.

Ila nikikwangua jasi, mkono huongeza chembe moja
ambayo kipimo hakiitaki.
Naitazama kidogo pale kwenye ncha ya kisu,
halafu naipuliza.