Kubana Mdomo

Chini ya nyumba, mjini Havre, Montana, Januari.
Dirisha la ukubwa wa sahani limeziba theluji,
benchi la baba bado linanuka shaba na grisi.
Kisanduku cha plastiki, matundu hamsini:
risasi ishirini na saba zimebanwa mdomo,
kumi na sita zimesimama wazi, zinangoja,
matundu saba hayana kitu.
Alhamisi ile aliuachia wenzo, akapanda juu kunywa maji.
Hakushuka tena.

Delmar Wachter kaja na mbwa wake
na rai yake ya miaka thelathini.
"Usibane," ananiambia, hata kofia hajavua.
"Shingo ya ganda ikishika, mdomo wa nini?
Ukiubana mno unaichubua risasi,
inaondoka na kovu, inakwenda kombo.
Baba yako alikuwa akibana hata vifuniko vya jemu,
mama yako akivifungua kwa bisibisi."

Kweli. Fundi wa injini za treni, aliamini
kisichokazwa mchana hulegea usiku,
na usiku wa huku ni mrefu.
Alikaza nati, akakaza mkanda, akakaza maneno.
Corwin alipohamia Spokane, gari limesheheni,
baba alisema, "Angalia mafuta."
Basi.

Lakini bunduki inayojipakia yenyewe haina adabu.
Haiipokei risasi kama mtu apokeaye yai.
Inaikwapua toka kwenye magazini,
inaigongesha kichwa kizingitini,
inaisukumiza chemba, kufumba na kufumbua.
Kichwa kisichoshikwa sawasawa
huweza kuzama gandani kama cha kobe,
baruti ikakosa nafasi ya kupumua.
Nilikuwa darasa la pili
baba aliporudi toka kwenye shabaha na bendeji mkononi.
Mama aliuliza mara mbili.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
baba alinunua kalibu ya kubania wiki iyo hiyo.

Nikachukua kalipa. Tano zake zilizobanwa, tano zilizo wazi.
Tukaenda kwenye shimo la changarawe nyuma ya ghala la ngano,
baridi ya kukatika masikio.
Pakia, toa bila kufyatua, pima.
Pakia, toa, pima.
Mbwa alichoka, akarudi garini.
Zilizobanwa hazikusogea.
Zilizo wazi, nne hazikusogea.
Ya tano, elfu moja ya inchi,
au ni kidole changu kilichotetemeka.
"Unaona?" alisema Delmar.
Nikamwambia sijaona kitu.

Usiku nikalifungua daftari lake,
lile lenye jalada la kampuni ya reli.
Uzito, tarehe, upepo, uzito.
Kisha ukurasa wa mwaka tisini na nne, kwa penseli:
*Bila kubana: hakuna tofauti. Nimejaribu mara mia.*
Nikasoma tena.
Na chini yake, penseli butu zaidi,
mkono umeshazeeka:
*Nitabana tu. Napata usingizi.*

Alijua, mzee yule.
Miaka yote hiyo anabishana na Delmar uani,
hoja ya mwenzake anayo mfukoni, kaikunja mara nne.

Nimekaa kitini pake. Wenzo ni baridi kama reli.
Nimebana sita. Kumi nimeziacha.
Delmar akiuliza nitasema zimechanganyika,
na huo utakuwa uongo,
kwani ukipitisha ukucha mdomoni mwa ganda
kile kikunjo unakijua hata gizani.

Treni ya ngano ikapita, vikombe vikalia kabatini.
Nikapanda juu. Nikampigia Corwin, saa tano za usiku.
Iliita, ikaita.
"Kuna nini?" aliuliza, na sauti ile ni ya baba, kavu.
Nilikuwa na mengi, nimeyapanga tangu ngazini.
Nikamwuliza kama ameangalia mafuta.