Risiti ya Kuni

Saa moja asubuhi nafungua dirisha la kibanda
langoni mwa Isecheno, umande bado umeshika nyaya,
na foleni imeshafika kwenye mpera.
Kila mama na kamba yake.
Naandika: jina, kijiji, mzigo mmoja wa kichwa.
Kuni kavu tu, zilizoanguka zenyewe.
Panga haliingii. Shoka haliingii.
Nagonga muhuri, napokea sarafu
zinazonuka omena na jivu.

Khavere wa Shimenga huniuliza kila Jumanne,
"Mwanangu, mti wa kuanguka wenyewe huanguka lini?
Nipe tarehe, nije siku hiyo."
Tunacheka, mimi na yeye.
Foleni haicheki.

Ndani, msitu umenona.
Mbega wamekaa juu na majoho yao
kama mahakimu waliokosa kesi.
Mche uliokuwa kimo cha goti nilipoajiriwa
leo naufikia kwa ncha za vidole.
Sitasema uongo: Isiukhu unatoka humo safi,
na kisima chetu hakijakauka mwaka wa nne huu.

Lakini geuka, utazame huku nje.
Kilima kimenyolewa hadi kisogoni.
Mkaa haukuisha, ulihama tu,
ukaja kula miti yenye wenyewe.
Mutere wa Lihanda ulilipa karo ya muhula wa pili.
Wa tatu ukalipwa na mikaratusi ya kanisa,
padri akiwa safarini.
Ramani ya ofisini ina kijani,
ina mstari mwekundu, kisha nyeupe tupu.
Kwenye hiyo nyeupe ndiko kwetu.

Mwezi wa Aprili walimleta kijana
kafungwa mikono kwa kamba ya mama yake.
Gunini: mizizi ya mukombero, kilo tatu,
ingali na udongo.
Nikaambiwa andika.
Nikamuuliza jina,
mimi niliyembeba mgongoni akiwa mchanga.
"Shitakha," akajibu, akiitazama kalamu.
Kalamu ikagoma. Nikaitikisa.
Ikaandika.

Jioni ile nilikuta moto umewashwa.
Sikuuliza kuni zimetoka wapi.
Zilikuwa mbichi, zinatoa povu kwenye ncha,
na moshi ukatutoa machozi sote wawili.
Mama akageuza ugali,
akaugeuza tena,
akasema bila kuniangalia:
"Haya, karani.
Nikatie risiti."