Sehemu ya Kwanza

Bajeti yetu ilikuwa laki tatu na nusu,
na hiyo nusu Ombeni aliikopa kwenye kikoba cha shangazi yake.
Damu tulichemsha rozela, tukaikoroga na unga wa ngano.
Moshi (ule wa kuwasha macho, si mji wetu)
tuliupata kwa maganda ya kahawa ndani ya karai,
tukakohoa nyuma ya kamera kama wazee wa kilabuni.
Mimi nilikuwa mtu wa sauti.
Maiki niliifunga kwenye mpini wa fagio.

Tulipiga picha Kibosho, nyumbani kwa kina Aikande,
kwa sababu migomba yao ni mingi na hawakututoza.
Hadithi ilikuwa nyepesi:
mwanamke anachuma isale mpakani mwa shamba,
majani matatu, maombi matatu,
na kila ombi linajibiwa vibaya.
Mama Ndekirwa alisimama mlangoni na ungo wa maharage.
"Isale tunaombea msamaha," alisema.
"Hatuombei vitu."
Ombeni akacheka: "Ndiyo maana inatisha, mama."

Kwenye karatasi, Aikande alitakiwa kusema
Nipe nyumba ya ghorofa.
Mstari mmoja tu. Aliufanyia mazoezi wiki nzima.
Lakini alipolishika jani la kwanza
akanyamaza, taa yetu ya betri ikiisha nguvu,
kisha akasema, kwa sauti isiyo ya sinema:
"Ndekirwa arudi.
Hata kama ni hatua zake tu,
arudi."

Kaka yake. Alipanda mlima mwaka juzi, mwezi wa pili,
kilo ishirini za wageni kichwani.
Wageni walishuka. Wakatuma picha, wametabasamu.

Hakuna aliyesema "kata."
Na mimi, mwenye hedifoni, nikasikia
kwa mbali, upande wa juu,
buti juu ya changarawe.
Kwacha. Kwacha. Inateleza. Inajishika. Kwacha.
Nikatazama chini: tope, majani ya migomba,
tope lililolowa mvua ya siku tatu.
Kibosho kuna changarawe wapi?

Tuliionyesha Majengo, kwenye kibanda cha mpira,
mia tano kwa kichwa.
Damu waliicheka. Shetani wa shuka waliizomea shuka yake.
Ila zilipopita zile hatua
ukumbi ulikaa kimya, mpaka muuza karanga akaacha kutikisa sarafu.
"Sauti kali," waliniambia nje, "mmeitoa wapi?"
Nikasema kwenye kompyuta.

Sasa Ombeni anataka Sehemu ya Pili.
Ameshachora bango.

Jumapili nilikwenda Kibosho kurudisha karai.
Aikande amekonda; analala mchana, kwa majirani.
Mama yake alinipeleka mlangoni, akanionyesha beseni.
Kila usiku huweka maji ya moto, ya kunawia miguu.
Kila usiku hatua huja, hufika kizingitini, huishia hapo.
Asubuhi maji ni baridi, baridi ya kuuma mfupa,
na chini ya beseni kumetua vumbi la kijivu
ambalo shambani kwetu huku halipo.
Hakuwa na woga. Hilo ndilo lililoniogopesha.
Aliinama, akalichota vumbi kwa kidole,
akalisugua taratibu kiganjani
kama mtu anayepima unga wa uji.

"Mwanangu," akaniuliza, bila kuniangalia,
"yale majani mlichuma matatu.
Mlitumia moja.
Mawili yako wapi?"

Nikamwambia tuliyatupa mtoni, mama, siku ileile.
Nikaaga. Nikateremka haraka,
mkono mfukoni,
vidole vimeyafunika,
mabichi bado.