Admirali wa Njano

Kitabu kilifika Bulongwa kwenye boksi la msaada,
hakina jalada, kinanuka panya na mafuta ya taa:
orodha ya maafisa wa manowari za Kiingereza
enzi za matanga. Nani alizaliwa lini,
alipanda meli gani, alikufa na cheo gani.
Hakuna aliyekitaka. Baba akakichukua.

Baba, Mwalimu Obadia Tweve, hajawahi kuiona bahari.
Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa,
siku moja tu, Matema, na aliogopa kuvua viatu.

Lakini jioni, viazi vikichemka,
aliyasoma maisha yale kama matokeo ya darasa la saba,
kalamu nyekundu sikioni.
Mtoto wa miaka kumi na mmoja, ameandikwa mtumishi wa nahodha.
*Umri wa uongo*, baba aliandika pembeni.
Mwingine kapita mtihani mbele ya manahodha watatu. *Vema.*
Mwingine nahodha akiwa na miaka ishirini; mjomba wake admirali.
*Ndiyo hivyo*, kwa herufi ndogo.

Aliyempenda alikuwa ukurasa wa mia mbili na tatu:
Josias Harkwell.
Luteni akiwa na miaka kumi na tisa.
Luteni homa ilipofagia nusu ya meli visiwani
na wenzake, usiku, wakainua glasi kuishukuru homa,
maana cheo kilikuwa kiti,
na kiti hakiachwi ila na maiti.
Luteni amani ilipokuja, matanga yakakunjwa,
milingoti ikang'olewa, naye akashushwa nchi kavu
kwa nusu mshahara, miaka ishirini na saba,
akiiandikia barua ofisi isiyojibu.
Alikufa luteni.

Hapo baba hakuandika kitu.
Alikunja kona ya ukurasa.

Naye alikuwa na barua zake.
Mkoa ulipogawanywa, faili lake lilibaki Iringa;
Iringa wakasema liko Njombe;
Njombe wakasema subiri uhakiki.
Vijana aliowashika mkono kuandika *a*
walipanda daraja, wakampita na pikipiki
wakipiga honi kwa heshima.

Siku moja alitutoa darasa la sita uwanjani.
"Hatua sabini," akasema, "ndio urefu wa manowari."
Akahesabu kutoka golini hadi ukingo wa viazi vya mchungaji.
Ukungu ulishashuka kutoka Kitulo, goli halionekani.
Tukapangwa kwa vyeo: Chaula mizinga,
Luvanda juu ya mlingoti, yaani juu ya dawati,
na mimi, binti yake, nikapewa kusugua sitaha.
"Humu," alisema, "hakuna mjomba."

Barua ya daraja ilifika wiki tano
baada ya kustaafu kwake.
Aliisoma amesimama. Akaomba kitabu,
akatafuta wale manahodha wazee
waliopewa uadmirali bila hata meli moja ya kuongoza.
Mabaharia waliwaita admirali wa njano.
Akacheka mpaka ulanzi ukamwagika,
kisha akaenda kufuta miwani, akakawia huko.

Asubuhi, baridi ya kukata masikio,
nilimwona uwanjani, sweta ya njano aliyofuma mama
juu ya koti, anahesabu.
Alifika sitini na nne, matuta yakamzuia:
mchungaji ameongeza shamba.
Akasimama pale, mikono nyuma,
akitazama hatua sita zilizobaki
ndani ya viazi.